Vyungu Alivyompikia Mkwe Wake

Mama mmoja wa soko letu la samaki hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, amefariki. Habari niliipata asubuhi kutoka kwa shemasi wetu, nikiwa nachambua maharagwe na mke wangu, na kufika mchana tulikuwa tumeshaketi kwenye mikeka ya msiba. Aliugua kifua kwa muda mfupi, na Mungu aliyempa maisha marefu akamchukua bila kumtesa sana, jambo ambalo namshukuru kwalo. Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akaolewa huku, na kwa miaka mingi alinunua chisense, wale samaki wadogo wa Mweru, kutoka kambi za wavuvi za Chisenga, akawaanika mchangani na kuwauzia wenye malori. Kibemba alikijua vizuri, lakini akikasirika au akifurahi alirudi kwenye Kiswahili chake cha kwao, ambacho watu ni batu na ndiyo ni njo. Nami niliyejifunza lugha hii katika biashara ya chumvi na sabuni nikawa mmoja wa watu aliopenda kuzungumza nao.

Sikumfahamu kiasi cha kuandika maisha yake yote. Ninalolifahamu ni jambo moja, nalo linahusu chakula. Binti yake wa mwisho alichumbiwa na kijana dereva, mpole, mwenye kazi, anayepeleka samaki mijini kwenye migodi. Chakula chake safarini kilikuwa mkate mweupe, soseji za kukaanga, chipsi za pakiti na soda. Maji hakunywa. Siku moja, akisimamia upakiaji bandarini, alianguka chini mbele ya soko zima. Zahanati walimwambia sukari yake imepanda, aache soda na vyakula vile. Alipotoka hapo akanunua soda ya kutuliza kiu. Baba yake aliugua ugonjwa huohuo, akakatwa mguu, na hatimaye tukamzika. Kila mtu pwani hii alijua hayo, na mama wa binti aliyajua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamwoza binti yake.

Sasa, wasomaji wangu wa mbali waelewe desturi ya huku. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani ovyo. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Mama hawezi kumwita kijana akamwambia, mwanangu, utajiua kwa soda. Ingekuwa aibu kwake na kwa ukoo. Ila desturi hiyohiyo ina siku ya karamu inayoitwa matebeto, ambapo upande wa binti hupika na kumpelekea bwana harusi vyungu, ili aone chakula atakachokula katika nyumba yake. Mama mzazi hubaki kwake, na wanawake waliomfunda binti ndio wanaokwenda kufunua kila chungu na kukieleza.

Siku chache kabla ya karamu nilipita nyumbani kwake kununua samaki, nikamkuta akibishana na mdogo wake, mwanamke anayependa mambo yaende na wakati.

"Yaya, unataka batu batucheke?" mdogo alikuwa akimwambia dada yake. "Siku hizi banaleta chipsi, soseji, keki, makreti ya soda. Wewe unaleta sombe! Sombe iko chakula ya kila siku."

"Njo maana," akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye majani ya muhogo ya sombe aliyokuwa anatwanga. "Atakula kila siku, basi minapika ya kila siku. Ama soseji njo utakuya kumupikia wewe?"

"Batasema tuko bamasikini."

"Baseme. Midomo ni yabo."

Mdogo akanigeukia. "Papa, mumuambie. Nyinyi muko muzee wa kanisa, atawasikia."

Nilisema nimekuja kwa ajili ya samaki tu. Wakacheka wote wawili, na mama akaweka mtwangio chini. "Papa, ule mutoto ni muzuri, mi sina neno na yeye. Lakini anakunywa soda sawa vile baba yake. Kumusemesha siwezi, ni haya. Bon, nitamupikia. Kama ana akili ataelewa. Kama hana, mutoto wangu atakuwa mujane mbele ya kuota mvi, na mi nitabaki najua nilipika soseji juu ya kuogopa batu."

Siku ya matebeto nilikaa upande wa bwana harusi, kwa kuwa wazee wake waliniomba niombee chakula. Wanawake waliingia wakiimba, wakapanga vyungu kwenye mkeka. Kiongozi wao, bibi mkavu mwenye sauti ya kupita ukutani, akaanza kufunua. Sombe iliyoungwa kwa karanga. Chisense wa kuchemsha na nyanya, mafuta kidogo. Maharagwe. Majani ya maboga. Kuku mmoja wa kienyeji, kwa kuwa desturi haikubali karamu bila kuku. Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Kwa kila chungu bibi alisema kitu, na watu waliitikia, ingawa vigelegele vilikuwa vinapungua kadiri majani yalivyoongezeka.

Shangazi wa kijana, aliyevaa kitenge kipya na kukaa mbele kabisa, hakuvumilia. "Eh, bamama! Tumekuwa bambuzi? Majani tu, majani tu! Soda biko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi akasubiri kicheko kiishe, akafunua chungu cha mwisho. Kilikuwa na maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kupozwa. "Mama anasema hii njo ya kubeba mu lori," akasema. "Anasema anamupenda mukwe wake. Anataka amuone akizeeka."

Hapo wote walimkumbuka baba wa kijana, na shangazi, ambaye marehemu alikuwa kaka yake, akainamisha uso. Kijana akachota kikombe, akanywa chote, na kuomba ugali wa muhogo uletwe karibu na sombe. Nikaomba baraka, fupi kuliko kawaida yangu.

Ningependa kuwaambia kwamba alibadilika tangu saa hiyo. Haikuwa hivyo. Baada ya harusi nilimwona mara kadhaa karibu na mizani ya samaki, chupa ya soda mkononi, na aliponiona aliificha nyuma ya mlango wa lori kama mwanafunzi. Shangazi naye alipeleka malalamiko kwamba ukoo wao ulidharauliwa. Mama alipoambiwa, alisema tu, "Akasirike. Kasirani inaishaka. Ujane hauishake." Aliyefanya kazi ya polepole ni yule binti. Kila safari alimfungia mumewe viazi vitamu, karanga za kuchemsha na samaki wakavu, pamoja na dumu la maji. Mwanzoni chakula kilirudi nusu. Baadaye kikaanza kurudi kidogo, na hatimaye chombo kikawa kinarudi kitupu. Miaka imepita. Kijana bado anakwenda zahanati kupimwa, bado anatumia dawa, na wauguzi bado wanamkemea mara mojamoja. Lakini anaendesha lori, analima bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na watoto wake wanakula kichwa cha samaki bila kuambiwa.

Nimefikiri sana juu ya vyungu vile katika siku hizi za msiba. Hapa kwetu hatukosi chakula kizuri. Ziwa liko mlangoni. Akina mama wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala wanalima karanga na mboga na kutuletea hadi sokoni. Hata hivyo nawaona wazazi wakiuza samaki wote asubuhi, na jioni wakirudi nyumbani na pakiti za chipsi na soda ya rangi kwa watoto. Si kwamba hawawapendi. Wanawapenda, na ndiyo sababu wananunua. Tumejifundisha wenyewe kwamba kitu cha pakiti ndicho cha heshima. Mgeni akija, anapewa soda na biskuti, na sombe inafichwa jikoni kama jamaa anayetuaibisha. Mtoto akifaulu shuleni tunampa peremende. Hata kanisani, watoto wa shule ya Jumapili wakisherehekea, tunawagawia vitu vya mafuta na sukari, kisha tunaombea wagonjwa wa sukari katika ibada ileile. Halafu tunashangaa mtoto anaposukuma sahani ya samaki. Anarudia tu tulilomfundisha.

Muuguzi humwambia mtu ukweli, na mtu huyo hutoka nje akanunua soda. Nadhani ni kwa sababu chakula tunakishika kwa heshima kabla ya kukishika kwa akili. Mama huyu hakumhubiria mkwe wake, na hata angetaka, desturi ilimfunga mdomo. Alichofanya ni kukichukua chakula cha kila siku, chakula kinachomfanya mtu aishi, na kukiweka kwenye mkeka siku kubwa kuliko zote, mbele ya watu ambao alijua watamcheka. Alikubali kuchekwa siku moja ili binti yake apate miaka na mumewe.

Basi, ninyi mnaoomba riziki kila asubuhi, itakapofika siku ya kumpa heshima mtu mnayempenda, akiwa mtoto, mgeni au mkwe, msikifiche kile ambacho Mungu amekwisha kuwapa. Mpakulieni hicho kwanza, kwenye sahani nzuri kuliko zote mlizo nazo, na mle pamoja naye.