Fundi wa Koki ya Juu

Wacha nianze na ile ya aibu ndio tumalizane nayo: niliomba mtu aliyekufa namba ya simu. Si mzaha. Nilitoa simu yangu mfukoni, ile imepasuka kioo, nikafungua mahali pa kuandika namba, nikamwambia, "Mzee, nipe yako, nikipata kazi ingine nikuite." Cheka tu. Hata mimi nacheka, lakini kabla nicheke naangalia kwanza paipu ya maji iko upande gani.

Na hii kitu ilifanyika kweli. Mimi shule niliachia kidato cha pili, sina akili ya kutunga uongo mrefu hivi.

Mimi ni plamba, fundi wa mabomba, naishi mtaa wa Kaptembwo. Zamani tulikuwa wawili, mimi na Barasa. Kazi ya maji inataka watu wawili, uliza mtu yeyote: mmoja bafuni na spana, mwingine kwa paa kwenye koki ya tangi. Kupiga kelele kutoka kwa paa hakusaidii, kwa hivyo mafundi wa zamani walitufunza kugonga paipu. Ukigonga mara moja, funga maji. Mbili, fungua. Tatu, shuka, chai iko tayari. Chuma inabeba sauti gorofa nne bila shida.

Sasa kuna siku mimi ndiye nilikuwa juu, na nikachoka kungoja. Nikafungua koki kabla Barasa agonge. Maji ikaingia kwa hita, ile tangi ya kuchemsha maji ya kuoga, ikasukuma ile moto yote ikatokea kwa paipu aliyokuwa ameshika. Mkono wake wa kulia ukaiva mpaka kwa kiwiko. Nikampeleka hospitali, tukakaa kwa benchi tukingoja daktari, yeye akiuma shati asilie. Nikamwambia, "Ngoja hapa, nakimbia kukununulia maziwa." Sikurudi na maziwa. Sikurudi kabisa. Aibu ilinishika miguu pale dukani, nikapanda gari nikaenda nyumbani.

Miezi nane ikapita hivyo. Nikasikia Barasa ameenda Kabazi kwa shamba ya kina bibi yake, analima kabeji. Mimi nikabaki peke yangu. Unajua kufanya kazi ya maji peke yako? Unafunga juu, unashuka gorofa nne, unafungua nati, unapanda tena. Saa ya lanchi unakula githeri ukiongea na spana. Nilikuwa nimeipea jina hiyo spana. Usiniulize.

Ndio nikapata kazi Njoro. Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa na hita ya zamani, tangi kubwa imefungwa juu ya dari ya bafu, na dari ilikuwa imeanza kupasuka kwa uzito. Alitaka niitoe, niweke mpya kwa stoo kando ya jikoni, nihamishe na paipu zake. Yeye mwenyewe alikuwa amesafiri. Chuo kilikuwa kimefungwa, wanafunzi wote wameenda kwao, gorofa nzima haina mtu. Ilikuwa asubuhi, lakini ukungu ya Njoro unaijua, hata mchana unadhani mtu amefunika mji na blanketi yenye maji.

Mlinzi wa geti, Kiprono, akaniambia, "Boss, koki iko kwa paa na mlango wa paa uko na kufuli. Wewe anza tu. Natafuta ufunguo, nikiupata napanda mimi mwenyewe nikufungie."

Nikaanza. Baada ya kama nusu saa hivi nikagonga paipu mara moja, kujaribu tu kama Kiprono amefika. Nikasikia jibu: ko. Nikafungua bomba ya sinki. Maji ikapungua, ikawa uzi, ikakatika. Nikasema, kumbe huyu Kiprono anajua lugha yetu. Niamini, nilifurahi kama mtoto amenunuliwa viatu. Nikagonga ule mdundo wa watu wakishangilia mpira. Paipu ikanirudishia vile vile, hata kwa madoido. Miezi nane nilikuwa sijachekeshwa na mtu kazini.

Nikazima swichi ya hita, nikapanda ngazi, nikaweka spana kwa nati ya maji moto. Ko. Mara moja, kwa nguvu. Nikasema, si maji tumefunga tayari? Nikasukuma spana kidogo. Ko. Ko. Ko. Moja moja, polepole, funga, funga, funga, mpaka ile tangi yenyewe ikawa inatetemeka. Nikakasirika, nikashika tangi ili nishuke nikamwulize anataka nini.

Ilikuwa moto. Moto ya kuchemsha. Kumbe ukutani kulikuwa na swichi mbili, na mimi nilikuwa nimezima ya taa ya bafu, ambayo balbu yake ilikuwa imekufa. Ile taa ndogo nyekundu ya hita ilikuwa imeungua zamani, kwa hivyo haingeniambia kitu, na mimi sikupima umeme kwa sababu mimi ni mtu wa haraka, si nimekuambia mambo ya Barasa? Hita ilikuwa imewaka tangu sijui siku gani. Ningezungusha hiyo nati mara mbili, saa hii ungekuwa unasimuliwa hii hadithi na mjane, na sina hata mke.

Nikazima ya ukweli, nikangoja ipoe, nikaimwaga pole pole. Kuishusha ilikuwa kama kushusha ng'ombe, vile ilikuwa imejaa ile chumvi nyeupe maji yetu inaacha kwa birika. Saa saba hivi mpya ilikuwa imekaa stoo. Nikamimina chai kutoka kwa chupa, vikombe viwili, nikakata chapati katikati. Nikagonga mara tatu.

Nikasikia miguu kwa ngazi. Polepole, ya mtu mzee. Nikafungua mlango, na hakuwa Kiprono. Alikuwa mzee mmoja amevaa ovaroli ya kijivu, mkono wa kulia wa shati umeshuka mpaka kwa vidole na kufungwa kifungo. Nikadhani Kiprono ametafuta mtu wa koki. Akaingia, akakalia ile hita kuukuu pale sakafuni kama stuli yake ya nyumbani. Kikombe akashika na mkono wa kushoto.

"Mzee, leo umeniokoa," nikamwambia. "Ningeiva kama mahindi."

"Swichi za hii nyumba ziligeuzwa. Tangu zamani."

"Kwani umewahi fanya kazi hapa?"

"Hii nimekalia, ni mimi niliiweka."

"Basi hizo nati ulikuwa unafunga kama una vita na mtu."

Akacheka. Kicheko kidogo, kama maji ikianza kurudi kwa paipu iliyokauka. Tukaongea mambo ya kazi, paipu za chuma na hizi za plastiki ambazo hazibebi sauti. Hapo ndipo nilitoa simu.

"Sina simu," akasema. "Wewe gonga tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniangalia, akaniuliza, "Na yule wako aliungua. Ulirudi na maziwa?"

Sasa nisikilize. Mambo ya maziwa sikuwa nimeambia mtu yeyote. Hata spana sikuwa nimeiambia.

"Bado, mzee," ndio neno lilinitoka.

"Mtu akiungua hangoji maziwa," akasema. "Anangoja aone mlango umefunguka." Akaweka kikombe chini. "Mimi wangu hakuja. Wacha nikufungulie maji."

Akapanda. Mimi nilibaki nimeshika nusu chapati. Nikagonga mara mbili, mkono wenyewe tu ndio uligonga, na maji ikaja, hita ikajaa, hakuna mahali pamevuja hata tone. Kazi safi kuliko zote nimewahi fanya.

Nikashuka kwa Kiprono, nikamwambia mzee wake ni fundi wa maana. Akaniangalia.

"Mzee gani? Nimekuwa nikitafuta ufunguo tangu asubuhi. Nilikuwa nakuja kukuambia urudi kesho."

Tukapanda mpaka juu. Kufuli ilikuwa imeshikana na kutu mpaka huoni mahali ufunguo unaingia. Kiprono akasema tangu aajiriwe hajawahi ona huo mlango ukifunguka. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mlinzi wa kabla yake alimwambia kuna fundi aliungua hapa gorofa ikiwa mpya. Mwenzake alifungua maji mapema. Huyo fundi alilala hospitali wiki kadhaa, kila mlango ukilia anainua kichwa, mpaka siku hakuinua.

Nikarudi peke yangu kuchukua vyombo, kwa sababu ukiwa plamba unaweza acha roho lakini huwezi acha spana. Kikombe cha mzee kilikuwa pale pale. Hakuna chai. Ndani kilikuwa kimekauka, na chini kumeganda ile chumvi nyeupe, nene kama kidole, kama kimechemshwa miaka.

Jumapili hiyo nikanunua paketi ya maziwa, nikapanda gari ya Kabazi.

Siku hizi tunafanya kazi tena wawili. Yeye hapandi kwa paa, tulikubaliana, na mimi sifungui kitu kabla nisikie mbili. Lakini kuna nyumba zingine, za paipu za chuma, tunakuwa tumesimama sisi wote kwa chumba kimoja, mikono mfukoni, na ukuta unagonga mara tatu. Barasa anamimina kikombe cha tatu, anaweka kando ya ukuta. Jioni tunakiosha, na ile chumvi haitoki haraka.

Kwa hivyo wewe unayesikia hii, kama unafanya kazi peke yako kwa nyumba haina watu, gonga moja, gonga mbili, lakini tatu uache. Na kama kuna mtu ulimwambia angoje kwa benchi, enda. Wako wengine wanangoja hata baada ya kuzikwa.

Siku ile Kabazi, Barasa alikuwa katikati ya kabeji, jembe kwa mkono wa kushoto. Hakunisalimia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwa mtaro, kutoka kwa kufuli mpaka kwa kikombe, paketi ya maziwa ikitoa jasho mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia maziwa, akaangalia mkono wake, akaangalia mimi.

"Yaani maiti umemwomba namba," akasema, "na yangu ulikuwa nayo. Ingia ndani, hiyo maziwa itaharibika."