Waliniita Mleta Ukame

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha hali ya hewa cha Lodwar, nilifokewa kabla sijashika hata kalamu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya na shati lililopigwa pasi, na kwa kujiona mtumishi wa serikali nikaegemea kisanduku cheupe kilichosimama uwanjani kwa miguu minne.

"Wee! Toka hapo!" Mkuu wa Kituo alipaza sauti kutoka mlangoni. "Mwili wako una joto. Unataka kunipikia vipimo?"

Ndani ya kisanduku kile hukaa vipimajoto. Kuta zake ni vibao vilivyoachiwa nafasi, upepo upite na jua lisiingie. Karibu nacho kulikuwa na kipimamvua, mkebe wa shaba uliofukiwa nusu ardhini, mdomo wazi kuelekea juu. Kila asubuhi niliuchungulia, nikaukuta mkavu, nikaandika sufuri. Hatimaye nikamwuliza mkuu kama kweli serikali inanilipa mshahara niandike sufuri. Akavua miwani. "Kijana, kukosa mvua pia ni habari. Tena hapa ndiyo habari yenyewe." Mzee yule alikuwa mkali, lakini kazi aliijua, na namheshimu mpaka leo.

Ninyi mnaosoma haya mna simu inayowaambia kama kesho mbebe mwavuli, ingawa sijui Lodwar mtaupeleka wapi huo mwavuli. Sisi tulijaza puto gesi, tukaliachilia, kisha mmoja wetu akabandika jicho kwenye darubini na kulifuata mpaka shingo ikakakamaa, ili tujue upepo wa juu unaelekea wapi. Wenzangu walinitania jina. Mimi ni Ekiru, jina wanalopewa wavulana waliozaliwa mvua ikinyesha. "Ekiru, hebu zaliwa tena," walikuwa wakisema, "mkebe umekauka." Nilicheka nao. Siku hizo nilikuwa na watu wa kucheka nao.

Kutoka Lodwar nilihamishiwa Katilu, kwa wakulima wanaonyweshea mashamba maji ya mto Turkwel. Huko niliishi vizuri. Mkulima akishakuwa na mfereji hamgombani sana juu ya mawingu. Kisha nikapelekwa Kakuma, na huko ndiko kazi ilikogeuka.

Mkurugenzi wetu wa wakati huo, mama mrefu aliyependa kuongea akiwa amesimama, aliniita ofisini. "Ekiru, umepima vya kutosha. Sasa utasema. Nenda kwenye mabaraza, waambie watu msimu utakuwaje, na uwaambie kwa nini joto linazidi. Usiwafiche kitu."

Nikaenda. Nilikaa chini ya hema za chifu nikieleza moshi wa viwanda vya mbali, jinsi unavyoifunika dunia ikashindwa kupoa, jinsi mvua inavyopoteza majira yake. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha kila mmoja akabaki na lake. Wachungaji wa makanisa walisema ni dhambi zetu. Vijana walisema ni wachoma makaa. Mzee mmoja aliinua mkono akauliza, "Hao wenye viwanda, tuliwakosea nini?" Nilipekua makaratasi yangu yote.

Aliyenielewa upesi zaidi alikuwa Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akiuza chai na mandazi kambini. "Kwetu maji imekula nyumba," akaniambia huku akimimina chai. "Hapa maji ya kunawa hakuna. Na wewe unasema ni ugonjwa moja?"

"Ni ugonjwa mmoja, mama."

"Haki, hiyo ugonjwa haina akili!" Wateja wakaangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikamwaga chai.

Sasa niwaeleze kuhusu emuron, maana bila yeye hamtaelewa yaliyonipata. Emuron ni mwaguzi wetu. Kabla ya masika mbuzi huchinjwa, naye huyatandaza matumbo na kuyasoma. Ofisi ilitaka tukae pamoja, yeye na matumbo yake, mimi na ramani zangu, halafu chifu atangaze neno moja. Mara nyingi tulikubaliana kuliko mnavyodhani. Tofauti yetu ilikuwa ndogo. Akiona baya, emuron halitamki. Huagiza tu sadaka ya mnyama wa rangi fulani, baya lipite kando. Kwetu neno la mtu mzima likishasemwa mbele za watu limeshaanza kutembea kwenda kutimia.

Mwaka mmoja baraza lilikuwa nyumbani kwetu, ng'ambo ya Kakuma. Kaka yangu Ewoi alikaa mbele kabisa na kigoda chake. Baba alikufa nikiwa mdogo, na Ewoi ndiye aliyeuza mbuzi nisome. Alitaka watu wote wamwone mdogo wake akizungumza. Emuron aliyatazama matumbo kwa muda mrefu, akasema tu atafutwe beberu mweupe, akaenda zake. Nikabaki mimi. Nikasema wazi kwamba mvua zitashindwa, kwamba afadhali watu wauze sehemu ya mifugo ingali na nyama. Niliagizwa nisifiche, na sikuficha.

Mvua zikashindwa, na zilizofuata zikashindwa pia. Mbuzi wa Ewoi wakaisha, kisha ngamia. Siku moja akaja kwa miguu mpaka ofisini kwangu Kakuma. Nilimsalimu, "Ejok, kaka," hakuitikia. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Emuron aliona, akanyamaza," akasema. "Wewe uliona, ukasema. Kwa nini ulisema?"

"Ili uuze mapema, kaka. Ili ubaki na kitu."

"Uliufungulia ukame mlango, Ekiru. Ukauita uingie."

Nilimweleza yote, moshi, bahari, upepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo hakula nami sahani moja. Nikienda nyumbani, watu walinipa maji, wakaniuliza habari za Kakuma, kisha mmoja mmoja wakainuka. Nyuma ya mgongo wangu nilikuwa Mleta Ukame. Iliniuma, tena sana. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu Kakuma nikiongea na redio.

Nimestaafu sasa. Nina nyumba ya vyumba viwili Kanamkemer, pembeni mwa Lodwar. Mke wangu alitangulia, watoto wako Nairobi na wana shughuli zao, nami siwalaumu. Mkuu wa Kituo wa sasa, binti mwenye heshima zake, bado hunitumia utabiri wa msimu kwenye simu. Kila ulipofika niliufungua nikitafuta kitu kimoja tu: mvua nzuri, niende nimwambie Ewoi kwa mdomo huu huu. Sikuwa na haja nyingine. Siku moja nimpelekee habari njema, tule pamoja.

Mwaka huu ikaja. Mvua nyingi, zaidi ya kawaida, maeneo yote ya Kakuma. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikairudia. Na kama vile Mungu amepanga, wiki hiyo hiyo shemeji yangu Akai, mke wa Ewoi, akapiga simu. "Jumamosi familia yote inaenda kuchimba mawe. Kaka yako anasema ukitaka, njoo."

Alisema nije! Nilinunua sukari, unga na tumbaku ya kutafuna anayoipenda, nikafunga safari.

Siku hizi wengi waliopoteza mifugo wanatafuta vito. Ewoi na wanawe walikuwa wamechimba shimo kando ya laga, mto wetu usio na maji, mpaka likampita mtu kimo. Wanaume chini wanapiga sururu wakiimba, wanawake juu wanapokea changarawe kwa karai na kuichekecha kavukavu, maana maji ya kuoshea hayapo. Ukiona jiwe lenye dalili, unaliramba, vumbi litoke, kisha unaliinua juani. Likiwa jekundu ni ganeti, likiwa la buluu ni yakuti na hapo watu hupiga vigelegele. Nilikaa na wajukuu wa kaka yangu tukiramba mawe mpaka ndimi zikawa za udongo. Walikuwa wakinicheka kwa kuwa niliramba hata kinyesi cha mbuzi kilichokauka. Sikumbuki mara ya mwisho mtoto kunicheka karibu hivyo.

Mchana Akai akapakua ugali na maharagwe. Ewoi akapanda kutoka shimoni, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi, akaketi. Akaisogeza sahani yake katikati yetu. Akanyoosha kidole kwamba nile.

Nikala. Kisha nikaona wakati wangu umefika.

"Kaka, utabiri umekuja. Safari hii ni mvua. Nyingi, zaidi ya kawaida."

Mkono wake ukasimama juu ya ugali. "Nyingi kiasi gani?"

"Laga zote zitafurika."

Akageuka kulitazama shimo. Akai naye akalitazama. "Na ndiyo kwanza tumefika kwenye changarawe nzuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Mvua ya nini, Ekiru?" Ewoi hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Unaona mbuzi hapa? Nilipokuwa na mifugo uliniletea jua. Sasa nimebaki na shimo, unaniletea mvua."

Nilisema tu kwamba wasilale kwenye laga, mawingu yakionekana milimani watoke. Akaitikia kwa kichwa, akashuka. Walichimba kwa haraka mpaka jioni, wala hakuna aliyeimba tena. Mimi nilichekecha peke yangu upande wa pili.

Watu huniuliza kama najutia kazi hii. Sijutii. Mvua si ya kwangu, mimi niliitazama tu na kusema nilichoona, na nikipewa nafasi nitasema tena. Lakini vijana mnaoingia katika idara zetu, jueni kwamba mnayemweleza habari za dunia nzima huwa anatazama uwanja wake. Uwanja wa Ewoi ulishabadilika, nami bado nilikuwa nikimbebea habari ya uwanja wa zamani.

Mvua ilinyesha kama ilivyotabiriwa. Nilisimama nje Kanamkemer, nikaloa, na sikuwa na wa kumwita aje aone. Nilipiga simu kwa Akai siku baada ya siku, haikupatikana. Hatimaye ikalia, na aliyepokea alikuwa Ewoi mwenyewe.

"Watu wote ni wazima?" nikauliza.

"Wazima. Tulitoka mapema."

"Na shimo?"

"Limekwenda." Nikasikia mlango ukifunguliwa. "Nyasi zimetoka, Ekiru. Zimefika mpaka mlangoni. Hazijatoka hivi tangu baba akiwa hai, na hakuna hata mbuzi mmoja wa kuzila."

Niliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Njoo," akasema. "Njoo tuzitazame. Peke yangu siwezi."