Kochi Halitoki Mpaka Mtu Ajiseme

Shangazi yangu ni fundi makochi, na kama hujawahi kusikia kicheko chake, basi hujawahi kupita mtaa wetu. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye pini mdomoni kutwa nzima, na bado anaweza kukutania huku amezibana kwa meno. Wateja humwita Springi. Mimi ninayemshonea vitambaa namwita Shangazi, ingawa nikichelewa kazini hukana kwamba tuna undugu.

Karakana yake haina mambo mengi. Mbele zinakaa fremu za mbao anazotengeneza seremala tunayemwita Msumari. Nyuma kuna stoo ya sponji. Katikati kuna cherehani yangu na nafasi ya kochi linalomaliziwa. Kochi haliendi kwa mwenyewe mpaka mtu alikalie na kujigeuza huku na huku, ili kama kuna springi inayolia, ilie humu humu, isije ikalia sebuleni kwa watu. Kazi hiyo ya kukaa ni ngumu kuliko unavyodhani. Ukikaa kimya unasinzia, na aliyesinzia hajigeuzi. Kwa hiyo zamani aliyekaa alikuwa anapiga soga, na soga zetu zote zilikuwa za kuwasema wateja. Mpaka siku Msumari alipomsema mama mmoja na kuigiza na mwendo wake, kumbe mwenyewe kasimama mlangoni, amekuja kuchukua mali yake. Kochi alilichukua. Salamu zetu haitikii mpaka leo.

Alipoondoka, Shangazi alitema pini zote mkononi.

"Basi! Kuanzia leo anayekaa hapo anajisema mwenyewe. Aseme kitu kinachomtia wasiwasi, na sisi tumuulize maswali ya kipuuzi. Mawaidha marufuku. Atakayetoa mawaidha atafagia."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Lakini kochi lililofuata alikaa Msumari, mwanamume mwenye mabega mapana kama kabati, akatuambia kwamba akishafunga mlango wa nyumbani kwake hurudi kuutikisa, akifika njiani anarudi tena.

"Na mlango wenyewe haujawahi kukuuliza una shida gani?" Shangazi akasema.

Zamu yangu ilipofika nilieleza kwamba mtu akiniandikia "nipigie" bila maelezo, kabla sijapiga nimeshamzika mtu.

"Mara ya mwisho ulimzika nani?"

"Wewe, Shangazi."

"Watu walijaa?"

Tulicheka mpaka kochi likalia, na ndivyo tulivyoipata ile springi mbovu. Sitaki kudanganya kwamba wasiwasi ulituisha. Msumari anaurudia mlango wake hadi leo. Ila sasa akichelewa anasema sababu, hatungi tena ugonjwa.

Sasa nije kwa baba yangu, mdogo wake Shangazi. Baba ni dereva wa basi, na wakati huo alikuwa amekaa nyumbani wiki kadhaa akisema mgongo unamuuma. Mgongo gani unaopona mpira ukianza? Mama alikuwa anamkanda kwa maji ya moto, naye anakubali kukandwa. Redio ilimkera, chai ilimkera, na sisi tukipumua tulimkera. Nilikuwa nimemchoka, niseme ukweli. Kisha asubuhi moja nikamkuta kwenye korido amevaa sare ya kazi, ameegemea ukuta, jasho linamtiririka kama mtu aliyetoka kuoga. Akaniambia niache kukodoa macho, akarudi chumbani. Kazini walikuwa wamempa mpaka Jumatatu: ashike usukani au nafasi yake ichukuliwe. Naye alikuwa ameapa atarudi, atajikaza kisabuni. Nilifikiria abiria wote watakaokaa nyuma ya mtu yule niliyemwona ukutani, nikaenda kumwambia Shangazi.

Ijumaa Shangazi akampigia Baba simu.

"Njoo karakana. Kuna kochi la mwalimu, na mwalimu mwenyewe ni pande la mtu. Sisi hatufiki uzito. Nahitaji mwili wako."

Baba akaja amenuna. "Dada, mimi naumwa mgongo."

"Ndiyo maana nakupa kochi. Ningekupa gogo?"

Akakaa, akajigeuza. Msumari akamweleza utaratibu wetu.

"Mimi sina wasiwasi wowote," Baba akasema. "Hiyo michezo yenu ya wanawake."

Msumari akajitazama kifuani, kisha akatutazama sisi. Ningecheka, lakini niliona shingo ya Baba ilivyokaza.

Shangazi akajitupa pembeni yake. "Haya, naanza mimi. Mimi namwogopa daktari wa meno. Mara ya mwisho nilimng'ata."

"Ulimng'ata?" Baba akashindwa kujizuia.

"Kidogo tu. Na nikamwomba msamaha hapo hapo. Sema kidole bado kilikuwa mdomoni, hakunielewa."

Baba akaanza kucheka kwa puani, kisha kicheko kikashuka tumboni, akajipiga mapaja. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aache kwenda kazini. Na katikati ya kicheko hicho, bila kumtazama mtu, akasema, "Mimi naogopa daraja."

Mimi nilikuwa na mawaidha yamenijaa mdomoni, Shangazi akanikata jicho. Kisha akamuuliza mdogo wake, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya sponji, "Daraja lenyewe linajua?"

Baba akamkazia macho. Nikajua anainuka, anaondoka.

"Nadhani linajua," akasema. "Maana nikilikaribia, linarefuka."

"Jeuri hilo," akasema Msumari.

Hapo ndipo Baba alipoanza kusema. Siku moja katikati ya daraja la kwenye njia yake moyo ulianza kumdunda, vidole vikafa ganzi, akawa na hakika anakufa na basi zima litamfuata majini. Alipovuka akasimamisha gari, akawaambia abiria anakagua matairi, akalizunguka basi huku akiyapiga mateke.

"Matairi ya watu yalikukosea nini?" Msumari akauliza.

Baba akacheka, machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Hospitali walimpima moyo wakamwambia ni mzima kabisa, na hapo ndipo aibu ilipomzidi: kama si mgonjwa, basi ni mwoga. "Mama yako nitamwambiaje?" akaniuliza mimi. Niliinuka kwenye cherehani nikaenda kukaa upande wake wa pili, tukabanana pale watatu.

Baadaye Shangazi akasema anafuata sponji stoo. Akakawia. Nilipomfuata nilimkuta amesimama kati ya marundo, pini zimemwagika sakafuni.

"Ningekosea swali moja tu, angeondoka," akaninong'oneza. "Na asingesema tena maisha yake yote. Namjua yule."

Miaka yote nilidhani utani kwake unakuja wenyewe. Nilimpenda mwanamke huyu pale stoo kuliko siku zote. Nikainama nikaanza kumwokotea pini zake.

Baba akatokea mlangoni.

"Dada, Jumatatu siendeshi. Nitamwambia bosi ukweli, akitaka anipe njia nyingine, akitaka anifukuze. Na nitatafuta daktari, si wa moyo, yule mwingine." Akashika fremu ya mlango. "Lakini sasa hivi nakwenda nyumbani kumwambia mke wangu. Twende wote. Ukae karibu yangu."

"Nitakaa."

"Na usinicheke mbele yake."

"Sikucheki, mdogo wangu."

Baba akabaki ameshika fremu ya mlango, akifikiri.

"Kidogo cheka," akasema.