Niliyemwombea Mbele ya Watakatifu wa Ukutani

Mwanangu wa miaka sita alikuwa hospitali Dar, kapasuliwa moyo, na mimi niko nchi ya Georgia nimebeba begi la pampasi la mtoto wa watu. Ndiyo kazi za Muscat hizo: bosi akienda likizo, yaya naye yumo, ila likizo yake ni kufuta makamasi. Dada yangu aliyekuwa akimuuguza alinitumia ujumbe ule ule kila siku: anaendelea, wewe omba tu.

Siku ya mwisho tukapelekwa kwenye monasteri ya kale ya Waorthodoksi. Bosi wangu, mama mwenye nyumba, Mwomani wa asili ya Unguja, si mtu wa kukupokea mtoto hivi hivi. Siku ile akamchukua mwenyewe.

"Ingia ukaombe, mwenzangu. Nnakaa naye miye."

Nilishangaa, lakini niliingia upesi asije akaghairi.

Jamani! Kuta zote mpaka juu darini zimechorwa watakatifu, wengine nyuso zimefutika nusu, na wote wananikodolea macho. Mimi ni mlokole, nimekua nikiambiwa picha haziombwi, basi nikafumba macho. Na sisi hatujui kuomba kwa kunong'ona. Nilipiga magoti nikapaza sauti, nikakemea mauti kwa jina la Yesu, nikamwambia Mungu usinifanyie hivyo, sina mwingine. Waumini wa pale walikuwa wakiwasha mishumaa kimya. Mtawa mmoja mzee akaja, kidole mdomoni, akanishika mkono na kunitoa nje kama mlevi. Niliona aibu, tena nilikuwa bado sijamaliza.

Nje nikamkuta mama analia. Nikadhani ni huruma tu.

Kesho yake jioni tulifika Bawshar, nyumbani kwa bosi pale Muscat. Mlangoni palijaa viatu vya kike. Ndani, wanawake wa kanisani kwetu wamekaa chini kwenye zulia, wamejifunga khanga. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa safarini, wala akiwa peke yake. Nikageuka pale pale kizingitini.

"Lini?" nikamuuliza mama.

"Jumatatu. Jumanne wakamzika. Dada yako alinisihi nisikwambie mpaka tufike. Nisamehe."

Kule monasterini tuliingia Alhamisi. Mwanangu ana siku mbili kaburini, na mimi nimepiga magoti namwomba Mungu asimchukue.