Kuku Waliopelekwa Ikwiriri

Hajira Kondo alirithi kuku kwa sababu kaka zake hawakuwataka. Baba yao alipofariki pale Mkongo, wanaume waligawana mashamba ya bondeni na minazi, wakaondoka. Kuchi wa mzee, kuku wa mbegu ya kale, wakabaki bandani wakiwika wenyewe. Hajira, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika akarudi nyumbani, akaanza kuwapa pumba na maji, na hivyo wakawa wake.

Kuchi si kuku wa mchuzi. Jogoo wake husimama kama mtu aliyeitwa jina, shingo ndefu, kifua wazi, upanga kichwani mdogo kama uliochongwa kwa wembe. Jike hutaga mayai machache, na kwa uzito wake akiatamia mwenyewe huyavunja, kwa hiyo Hajira aliyaweka chini ya kuku wa kawaida. Mwanzoni wanaume walimcheka, mwanamke na kuchi wapi na wapi. Baadaye walewale wakawa wanapita jioni kuomba mbegu.

Kilichomuumiza ni kuwaona wanaisha. Vifaranga wa chotara waligawiwa vijijini, wakakua upesi, wakachanganyika na kila jike. Kuchi waliosalia Mkongo walikuwa wa ukoo mmoja, na siku hizo vifaranga walianza kutotolewa na vidole vilivyopinda. Hajira alikuwa akisikia kwamba Mloka wapo, Kibiti wapo, hata Kilwa wapo. Ila yupo kwa nani, na katokana na nani, hapo kila mtu alijua ya bandani kwake tu.

Ndiyo maana Yasmini alipokuja na habari ya kanzidata, Hajira alikuwa wa kwanza kumwelewa. Yasmini alikuwa msichana mtaalamu wa mifugo, ametumwa na taasisi moja ya Dar es Salaam. Alieleza kuwa habari za kuchi wote wa pwani zitawekwa mahali pamoja. Kila mfugaji ataingiza wake kwa simu: picha, baba, mama, na mahali alipo. Anayetafuta jogoo asiye ndugu wa majike yake atamwona humo na kumpigia mwenyewe. Watu wa Mkongo waliona neno refu, wakalikata, wakaiita kanzi.

Umoja wa wafugaji ukaundwa, mwenyekiti akawa Haidari, mnunuzi wa ufuta wa Ikwiriri. Kazi ya kupita kwa watu na kuwashawishi akapewa Hajira, kwa kuwa jina la baba yake lilikuwa bado linaheshimika. Akaanza na Kijakazi, shoga yake wa nyumba ya pili, kisha akaenda mpaka Mloka kwa Mzee Mashaka, aliyekuwa na kuchi wanaosifiwa kuliko wote upande ule wa mto Rufiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichokuja nacho. Kuku wangu mimi namjua. Huyo wa Dar naye akimjua, mimi napata nini?"

"Baba, jogoo wako akifa leo, majike wako utawapeleka kwa nani? Kwa wanawe?"

Mashaka akafuta jasho shingoni. Kisha akauliza, "Kondo angekubali jambo hili?"

"Angekubali," alisema Hajira. Hakuwa na hakika, lakini alisema.

Ikapangwa siku moja ya kuwakusanya kuku wote Ikwiriri, wapigwe picha, wapimwe, wavishwe pete miguuni na kuingizwa kwenye kanzi kwa pamoja. Kabla ya hapo ilitakiwa wote wachanjwe dhidi ya mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, na kinga ipate muda wa kushika. Chanjo ikachelewa. Ilipofika, ilitosha kwa baadhi ya vijiji tu, na siku zilikuwa zimekwisha.

"Tusogeze mbele," Yasmini aliwaambia. "Kuku wengine hawajachanjwa. Tukiwaweka pamoja na mmoja akawa na ugonjwa, tumekwisha."

Haidari hakutaka kusikia. Wageni walikuwa wameshaalikwa kutoka Dar es Salaam, turubai limekodiwa, mchele umenunuliwa. "Umoja mchanga huu," alisema, "tukianza kwa kuahirisha, nani atatuheshimu?"

Yasmini akamgeukia Hajira. "Mama, wewe unasemaje? Wewe wanakusikiliza."

Hajira alimfikiria Mashaka, jinsi alivyompata kwa shida. Akiambiwa leo asije, hatakuja tena maisha. "Watu wameshajiandaa," alisema. "Tukiwarudisha sasa, tumewapoteza."

Yasmini alikuwa mgeni kazini, na waliokuwa mbele yake ni watu wazima wawili wanaokubaliana. Akaanza kuhesabu pete.

Siku yenyewe ilipendeza. Matenga yalipangwa chini ya turubai, majogoo wakaitana kutoka kona hadi kona mpaka hotuba ya mgeni rasmi haikusikika, watu wakacheka. Mashaka alifika na basi la asubuhi, kanzu safi, tenga lake amelifunika kwa kitenge. Zamu yake ilipofika alikataa mtu mwingine amshike jogoo wake. Alimbeba mwenyewe kifuani, na picha ikapigwa wakiwa wote wawili. Hajira alisimama pembeni akiwatazama, akaona ameifanya kazi ya baba yake.

Hakuna aliyejua kuku gani alikuja na ugonjwa. Wengine walimtaja mfugaji mmoja wa Kibiti kwamba alinunua jike sokoni asubuhi ileile ili naye aonekane ana kuku. Mwenyewe alikana. Wiki haikuisha, Mkongo hata Mloka kuku wakaanza kusinzia mchana, mabawa yameshuka, mavi ya kijani. Kisha shingo zikapinda. Jogoo wa Hajira alijaribu kuwika, sauti ikatoka kama ya mtu anayekabwa, na kesho yake akakutwa kalala ukutani. Banda zima likafuata. Kuku wa kawaida nao hawakusalimika.

Kijakazi alikuja uani akiwa na wake wawili wa mwisho kwenye beseni, wamekufa. Aliliweka chini.

"Mimi nilikuwa na kuku wangu nyumbani," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia niwapeleke."

Kijakazi akachukua beseni lake akarudi. Mpaka leo wakikutana kisimani husalimiana, huulizana hali, basi.

Kazi haikuishia hapo. Kanzi ilitaka kila kuku aonyeshwe yu hai, ameuzwa, au amekufa, na aliyepewa dhamana ya Mkongo na Mloka ni yeye. Hajira alikaa kizingitini na simu, akawapitia mmoja mmoja. Kila picha iliyofunguka, kuku alikuwa amesimama wima, na yeye akabonyeza amekufa. Yasmini alimpigia akilia, akasema ofisini wamemwambia kwamba hata vifo ni taarifa muhimu. Mwisho wa mwaka taasisi ilileta kalenda. Mwezi wa Agosti alikuwa Mzee Mashaka na jogoo wake kifuani.

Kalenda ile hakuipeleka Mloka. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakwenda zamani, mara tu baada ya maafa, kuomba radhi. Mashaka alikuwa shambani, juu ya dungu, kibanda cha nguzo ndefu, analinda mpunga usiliwe na tembo. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Yamepita," alisema. "Panda huku."

Kwenye pembe ya dungu, juu ya majani makavu, jike mmoja wa kuchi alikuwa ameatamia. Alikuwa huko huko shambani wakati wenzake wanapelekwa Ikwiriri, mzee hakutaka kumtoa kwenye mayai. Mayai matatu yalikuwa hayajavunjika.

Hajira alichuchumaa akamtazama muda mrefu. Machozi yalimtoka.

"Baba, nimwingize kwenye kanzi. Kilwa kuna jogoo, nimemwona humo, si ndugu yake kabisa."

"Usimwingize."

"Bila jogoo huyo, mbegu itapotea."

"Hajira, nilikupa wote. Huyu niachie."

Akaapa kwamba hatamtaja. Haukupita muda Yasmini akapiga simu. Mfugaji wa Kilwa alikuwa tayari kumleta jogoo wake bure kwa yeyote wa Rufiji aliyebakiwa na jike. "Mama, hakuna hata mmoja? Hata Mloka?"

Lilikuwa neno moja tu. Hajira alilishika mdomoni.

"Hakuna," alisema. "Wamekwisha."

Msimu uliofuata alikwenda Ikwiriri kununua mafuta ya taa na sabuni, akamkuta Mashaka sokoni na tenga. Mle ndani mlikuwa na majogoo wachanga wa miguu mirefu, lakini vifua vizito, na upanga umelala kichwani kama wa chotara. Hajira hakuhitaji kuuliza. Mzee mwenyewe alisema taratibu, "Walianguliwa majike wawili tu. Jogoo wa jirani akawawahi."

Mteja mmoja, kijana aliyevaa vizuri, aliinama juu ya tenga. "Mzee, hawa kuchi kweli?"

"Kuchi," alisema Mashaka, bila kumtazama.

Kijana hakuridhika, akamgeukia Hajira. "Eti mama, wewe unawajua?"

Mashaka alikuwa ameinamisha kichwa, anakaza kamba ya tenga ambayo haikulegea.

"Bibi yao nilimwona," Hajira alisema. "Alikuwa kuchi."

Kijana akachagua mmoja, akamfunga miguu, akaondoka naye akimning'iniza kichwa chini. Mashaka akamshukuru Hajira kwa sauti ndogo. Hajira akaaga, akaenda kutafuta gari la Mkongo kabla halijajaa.