Baba Yako Anakusalimu

Kila asubuhi, kabla hajatunga uzi, fundi wa makoti humwandikia ujumbe mwanawe aliye ng'ambo. Huandika polepole kwa dole gumba lenye kovu la mkasi, midomo ikifuata kila neno, kisha huiweka simu juu ya cherehani. Jibu likiingia hucheka peke yake, maana kijana hakosi utani: "Mrembo, umeshakunywa chai?"

"Mchumba wako huyo anatuchelewesha kazi," humtania mshona vifungo, jirani yake wa meza.

"Acha wivu, mwenzangu."

Lakini wiki hii utani umekatika. Majibu yanakuja makavu: "Mimi mzima, mama." Tangu aondoke, kijana hajawahi kumwita hivyo kwenye simu. Fundi ameanza kujidunga vidole, yeye ambaye hushona hata akisinzia. Hunyonya damu, akiitazama simu kama nyoka aliyejikunja chini ya mkeka.

Leo anaandika: "Baba yako anakusalimu." Mumewe huyo walishamzika, na kijana ndiye aliyetangulia mbele kubeba jeneza.

Simu inanguruma juu ya chuma cha cherehani. Fundi anasoma, kisha anampa mshona vifungo naye asome: "Na mimi namsalimu sana. Anaendeleaje?"

"Labda ana haraka tu," mshona vifungo anasema, akimrudishia simu.

"Nani ana haraka? Nani huyo, mwenzangu?"

Anachukua mtandio wake, anatoka. Sindano imebaki imezama kwenye mkono wa koti, na taa ya cherehani inawaka mpaka jioni. Mshona vifungo hathubutu kuizima, asije mwenzake akarudi akakuta giza. Hakurudi.