Watu Wawili Kwenye Picha ya Bondeni

Kabla hujaniambia niliota, nikueleze kwamba jua lilikuwa bado lipo, natoka shambani, nina gunia la viazi vitamu kichwani na shingo inaniuma. Mtu anayeota haumwi shingo. Mume wangu yupo na mwenyekiti wetu wa kitongoji yupo, wote waliona. Njoo Munanila uwaulize.

Shamba letu liko chini bondeni, na ukivuka kijito ukaendelea kupanda unaingia Burundi. Msimu ule askari wa doria walikuwa wameweka kambi juu, karibu na barabara ya Manyovu, wakaja na vile vindege vidogo visivyo na rubani. Watoto waliviita nyuki kwa ajili ya mlio wake. Watu wazima hatukuvipenda. Wengine walisema vinahesabu mbuzi, wengine walisema vinasikia hata mnachonong'ona kitandani. Wanawake tuliacha kuoga mchana, maana mabafu yetu hayana paa. Ungekuwa wewe ungeoga?

Siku hiyo nikiwa napanda nilisikia mlio nyuma ya kichwa. Nikasimama, nacho kikasimama hewani. Nikatembea, kikanifuata. Nilijisemea, basi, kione viazi kiondoke. Njiani sikukutana na mtu. Naomba ulishike hilo: kutoka shambani hadi barabarani nilikuwa peke yangu.

Barabarani nikakuta askari wawili na pikipiki.

"Mama, mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi, afande?"

"Yule mwanamume uliyemvusha."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Hawakucheka. Walimwaga viazi vyangu chini, wakanipeleka kambini. Na mimi nikajua hili si jambo dogo, maana wazazi wangu walikuja nchi hii wakikimbia vita, na hata kama sasa sisi ni raia, mtu wa asili yetu akisemwa anavusha watu usiku na mchana, nani atamsikiliza?

Mkubwa wao alikuwa mtu mtaratibu. Alinipa kiti, akageuza kompyuta niitazame. Akaniambia kile chombo hakiongozwi na mtu. Kikiona binadamu kinamfuata chenyewe na kumchorea kiboksi chekundu, na hakichorei mti wala mbuzi. Akabonyeza. Nikajiona kutoka juu, na gunia langu kichwani, ndani ya kiboksi changu. Nyuma yangu, hatua chache, kulikuwa na kiboksi kingine, na ndani yake mwanamume anatembea. Ana koti refu. Mkono mmoja ameuweka kiunoni, nyuma, kama mtu anayeumwa mgongo. Niliposimama, alisimama. Nilipotembea, alitembea.

Mdomo ukanitoka wenyewe: "Data!"

Kwetu ndivyo tunavyomwita baba.

"Kwa hiyo unamjua," mkubwa akasema.

"Ni baba yangu, afande."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Muyama. Makaburini."

Niamini, sikusema ili nimdhihaki. Wewe ungesema nini? Ningekana, wangesema namficha. Na yule nilimjua kwa mwendo. Baba alikuwa hivyo hivyo kila aliponisindikiza bondeni nikiwa msichana: hakuwahi kutangulia. Nilipomuuliza sababu, alisema walipokuwa wanakimbia, mtu mzima alikaa nyuma ya watoto, ili kinachokuja kimkute yeye kwanza.

Mkubwa alikasirika. Akatuma askari bondeni wakamtafute mtu huyo kabla giza halijaingia. Walirudi na matope hadi magotini. Mmoja akasema kwenye udongo laini wa kijito kuna nyayo za mtu mmoja tu, mwanamke, miguu mitupu. Alisema hivyo huku ananiangalia miguu.

Hawakuniachia. Walinieleza kwamba asubuhi nitapelekwa Kasulu, kosa langu litajulikana huko. Nilianza kulia hapo, nikifikiria mtoto wangu mdogo aliyekuwa bado ananyonya.

Mume wangu akafika na mwenyekiti, ambaye alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi la baba. Mkubwa akawawekea picha bila kuwaambia chochote. Mume wangu alitazama, akatoka nje. Mwenyekiti alisogeza uso karibu kabisa.

"Afande," akasema, "huyu tulimzika. Hilo koti ndilo tulilomzika nalo. Nilimfunga vifungo mimi mwenyewe."

Mkubwa akairudisha picha mwanzo, akaitazama tena peke yake, kisha akaifuta mbele yetu. Nilimwomba aniachie niione mara moja tu zaidi. Alisema, "Mama, nenda nyumbani ukanyonyeshe."

Baadaye kambi ilihamishwa, na hatukuambiwa kwa nini. Mume wangu hataki tulizungumze; nikilianza, anachukua jembe. Mimi bado nalima kule chini. Watu hudhani naogopa kumwona baba njiani. Hapana. Zamani nilikuwa nageuka nyuma nikisikia jani limetikisika, siku hizi sigeuki, kwa sababu naogopa nitageuka nisimwone.

Nasikia vile vindege sasa viko sehemu nyingine, labda na kwenu vitafika. Kikikufuata, usikitupie jiwe wala usikimbie. Lakini wakikuita kutazama picha, usiende peke yako. Nenda na mtu anayewajua marehemu wenu kwa sura. Mimi bila yule mwenyekiti, hadi leo ningekuwa ndani, naulizwa nimemficha wapi mtu aliyezikwa.